Kijaluba na Sanduku Lake

Alikuwa ananusa kwanza. Ukimwekea chuma mbele yake, hata salamu haijesha, pua imeshafika. Siku ya mwanzo kumwona nilidhani mzee wa watu ana wazimu: kilemba cheupe, kanzu imepigwa pasi, amekalia sanduku la chuma la jeshi kwenye kichochoro cha nyuma ya soko la Matrah, na kijaluba cha risasi kiko puani mwake kama mtu anayechagua samaki. Nikamnong'oneza mama kwamba tumekwisha, jirani yetu ndiye huyu. Mzee hakugeuza hata shingo. Akatujibu kwa Kiswahili cha mjini Unguja, kimenyooka, kwamba wazimu anao kweli lakini hauambukizi, tupite tu tukapange vyombo vyetu.

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Ilikuwa mwaka sitini na nne, mimi na mama tumetoka Unguja baada ya yale yaliyotokea. Baba tulimzika huko. Tulishuka Maskati, jirani tu na Matrah, na mabegi mawili, mfuko wa karafuu ambao mama alikataa katakata kuuacha, na sanduku moja dogo la mbao nitakalokuja kulieleza. Chumba tulichopata kiligawana ukuta na chumba chake. Akikohoa tunasikia, tukigombana anasikia, na asubuhi yake hujifanya hakusikia.

Jina lake nnalijua na sitalitaja, maana mwenyewe alisema jina la mtu ni la kuitikia tu, si la kutangazia. Sokoni walimwita Mthamini. Mie nilimwita Ami, ingawa hakuwa ndugu wa baba wala wa mtu yeyote niliyemjua. Kazaliwa wapi, wa kabila gani, Unguja alifanya nini hata akajua Kiswahili kile, sikupata kuambiwa. Ukimuuliza anakuuliza na wewe chumvi imepanda bei au vipi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kambi ya jeshi ilipochoka na vitu vyake vikuukuu iliviuza kwa mafungu, na wafanyabiashara wakavimimina sokoni: mikanda, vibuyu vya maji, mahema yaliyotoboka, na vijaluba. Kijaluba, kwa asiyejua, ni kile kijisanduku cha bati kinachochomekwa chini ya bunduki, ndani yake zimepangwa risasi. Waarabu wanakiita makhzan. Sisi wa Unguja kijaluba tulikijua cha tambuu, lakini yeye alikiita hivyo na sote tukamfuata. Wanaume wa kutoka bara, milimani huko ndani, ambao bunduki kwao ni vazi kama jambia, walikuja kwake na vijaluba vyao wajue ni vya bunduki gani, vya zama gani, vizima au vimechoka, na vinastahili nini. Yeye hakununua wala hakuuza. Alisema tu. Kwa kusema huko alipewa tende, ndimu kavu, au kikombe cha kahawa, na akiona mtu hana kitu humwambia aje kesho amsaidie kuhamisha sanduku, na sanduku lenyewe halihami popote.

Baada ya kunusa alibonyeza. Dole gumba lilishuka ndani ya kijaluba, likakaa pumzi tatu, halafu akaliachia taratibu akisikiliza springi inavyopanda. Springi iliyoachwa na risasi miaka mingi hupanda kwa uvivu, alisema, kama mtu aliyeamshwa usingizi wa mchana. Kisha akapitisha kidole kwenye midomo ya kijaluba, pale juu risasi inapotokea. Midomo ikipinda hata kidogo, kimeanguka, na kilichoanguka mara moja hakisahau. Mwisho ulikuja ukucha. Alifuga ukucha wa kidole cha shahada, mrefu, msafi, na nambari zote na mihuri yote aliisoma kwa ukucha huo, macho ameyatupa huko kwenye paa za watu. Tulikuwa tukimsifu kwa hilo. Tulisema fundi wa kweli hatazami, anajua.

Lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye masanduku. Watu wote walitazama kijaluba, yeye alitazama kilimokaa. Yalikuwapo masanduku ya chuma ya vijaluba vya rashasha, bunduki inayomimina risasi mfululizo, vile vilivyopinda kama ndizi, kumi na viwili kila sanduku, kila kimoja na chumba chake. Alisema vijaluba kumi na viwili vilivyokaa pamoja ndani ya sanduku lao ni ukoo, na vijaluba thelathini vya kuokotaokota ni abiria. Mtu akileta kijaluba kitupu mkononi, swali la kwanza lilikuwa nyumba yake iko wapi. Wengi walikuwa wameshaitia kuni jikoni au wamempa bibi harusi atie dhahabu zake. Alisikitika kweli, si mchezo. Safari moja alirejea nyumbani hakula, kwa sababu aliona sanduku zuri la jeshi limepigwa rangi nyekundu na maua ya manjano, limegeuzwa mandusi ya harusi.

"Asiyekujua hakuthamini," alikuwa akiliambia sanduku la namna hiyo, na kulipigapiga begani, kama sanduku lina bega.

Ulimi wake sokoni ulijulikana. Tajiri mmoja alimletea sanduku la kijani linang'aa, lina herufi na nambari za kizungu, akataka asikie mbele ya watu kwamba ni la jeshi. Ami akanusa, akanusa tena, akasema ni la biskuti. Tajiri akapanda hasira. Ami akakwangua kwa ukucha pembeni mwa kifuniko, na chini ya rangi ya kijani akachungulia bibi wa Kizungu kashika kikombe cha chai. Kichochoro kizima kilicheka mpaka adhana.

Akamkasirisha na mtu mkubwa zaidi. Alikuwapo sheikh mmoja wa mji wa ndani huko milimani, akishuka Matrah mara mbili tatu kwa mwaka, na huyu nakuombeni mumkumbuke. Alikuja na sanduku lake la rashasha, fahari yake, kumi na viwili kamili. Ami akavipapasa kimoja kimoja, akavitenga: saba ni wenyeji, akasema, watano ni wageni. Waliosimama waliinamisha vichwa. Sheikh alinuna, akakusanya vijaluba vyake, lakini hakubisha, maana mtu asiyepokea fedha yako utamtilia shaka kwa lipi? Tokea siku hiyo alipita kumpa salamu kila aliposhuka.

Sasa mngedhani mtu huyu ni jasiri wa bunduki. Hata! Hakupata kupiga risasi hata moja katika uhai wake. Kijaluba chenye risasi hakukiruhusu kivuke kizingiti. Siku ya Idi wanaume wanapofyatua hewani kwa furaha, alitia pamba masikioni akaja kukaa jikoni kwetu baina ya masufuria, anamsaidia mama kupepeta mchele, na kila mlio anafumba macho. Mama alimcheka waziwazi. Yeye alisema kujua thamani ya shoka si lazima uwe mti.

Alitucheka nasi pia. Watu wa nazi, alituita. Mnatia nazi kwenye wali, kwenye mboga, kwenye samaki, kesho mtatia kwenye kahawa. Lakini nazi ikipatikana kwa watu wa meli, mama akaikuna, mchuzi ukaanza kunukia, tungesikia kikohozi upande wa pili wa ukuta, kisha hodi, na mzee amesimama mlangoni na sahani yake mwenyewe. Alikuwa bahili wa sukari kupita kiasi, akihesabu vijiko vya wageni kwa macho, na paka wa sokoni akiwalisha kila asubuhi samaki mzima mzima. Nilimwambia akasema paka hawaombi sukari.

Basi nieleze la sanduku letu.

Babu mzaa baba, mzaliwa wa milima ya huku, alikuwa na ndugu mmoja. Kwao ilikuwa desturi, ndugu wawili wakiachana kwa safari isiyojulikana mwisho, wanagawana bunduki moja: anayebaki hubaki na bunduki, anayekwenda huondoka na kijaluba. Bunduki bila kijaluba itakubidi utie risasi moja moja, na kijaluba bila bunduki ni bati tu. Hakuna mwenye kitu kamili mpaka wakutane. Babu alikwenda Unguja na kijaluba ndani ya sanduku lake la mbao, na hakurejea. Sanduku likapita kwa baba, na baba akiwa kitandani akamwambia mama: ukifika kule, hiki ndicho kitakachokusemea.

Na tulihitaji cha kutusemea. Wanawake wawili, hatuna mwanamume, hatuna karatasi inayosomeka. Ruhusa yetu ya kukaa ilikuwa ya miezi, ikiongezwa kwa kuomba, na tuliambiwa wazi: apatikane mtu wa kabila lenu asimame aseme hawa ni wangu, la sivyo mtapanda meli mwende mnakokujua. Na sisi hatukujua kwengine. Bunduki ilikuwa kwa mwana wa yule ndugu wa babu. Naye ndiye yule sheikh wa vijaluba saba na vitano.

Msimdhanie vibaya. Kisa cha ndugu wawili kilijulikana pwani na bara, na kabla yetu alikwishatokea mtu na kijaluba cha kununua sokoni, analia kwamba ni damu moja. Sheikh alikwisha kuchoka na jamaa. Tulipompelekea ujumbe akaleta habari kwamba atashuka na bunduki, atakaa majlisi kwa mwenyeji wake Matrah, na Mthamini atazame. Mthamini akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema siyo, tusimwendee tena.

Hapo ndipo mama alipofanya lake. Mwanamke wa Unguja haendi ugenini na chombo kichafu. Hakuniambia, hakumwambia jirani. Alikibandua kijaluba kutoka kwenye sanduku, maana kilikuwa kimeshika chini kwa joto la miaka, akakikamatia kwa jivu na ndimu na kumbi la nazi, akakisugua asubuhi nzima, mpaka kikang'aa kama dele la kahawa. Alinionyesha kwa furaha. Nikamsifu! Mie nami, mjinga mwenzake, nikamsifu. Nambari ilikuwa imeandikwa mgongoni kwa rangi nyeupe, ya kulinganishwa na ile iliyogongwa kwenye chuma cha bunduki, na hakuna kati yetu aliyeishika kichwani. Ilikwenda na maji ya jivu.

Majlisi ilikuwa baada ya alasiri. Sisi tuliketi karibu na mlango, buibui zimeturoweka jasho. Ami akapewa bunduki kwanza. Akapitisha ukucha, macho juu, akaitaja nambari yake: nne, moja, saba, tisa. Halafu akapewa kijaluba chetu, akakinusa, na nikamwona uso umembadilika.

"Nani kakiosha?" akauliza.

Mama akasema ni yeye, na sauti yake bado ilikuwa na fahari. Ami akafumba macho kama siku ya Idi. Akakibonyeza, akakipapasa midomo, akakichomeka kwenye bunduki, na kikaingia kwa mlio mmoja mzuri. Lakini yeye akakichomoa, akasema kinaingia, ila hata vyengine vya aina yake vinaingia, na kwa kijaluba hiki peke yake hawezi kusema kitu. Wallahi nilimchukia. Mwaka wa pili huo anakula mchuzi wetu. Nilitaka nimwambie mbele ya watu wale wote kwamba hana haya.

Kisha akauliza nyumba yake iko wapi.

Mama akalitoa sanduku chini ya buibui. Lilikuwa na karatasi zetu na karafuu, akazimwaga mapajani. Ami akalielekeza mlangoni kwenye mwanga, akapitisha ukucha chini mle kijaluba kilimokuwa kimelala. Akapitisha tena. Akasema mbao hazioshwi, na rangi iliyolala juu ya mbao miaka hamsini kwenye joto huacha mtoto wake, ila huwa kinyume, hasomeki bila kioo. Nikampa kioo changu cha wanja. Akakishika ndani ya sanduku, akainama, akakaa muda mrefu mno. Nilimwona jasho likimtoka chini ya kilemba.

"Nne," akasema. "Moja. Saba. Tisa."

Hakuna aliyeomba kioo. Sheikh mwenyewe hakunyoosha mkono. Aliyewahi kukwambia watano wako ni wageni, siku akikwambia huyu ni mwenyeji utamwomba ushahidi gani? Sheikh akakichukua kijaluba, akakichomeka kwenye bunduki ya baba yake, akaiweka mapajani. Kisha akamwambia mama, "Mmechelewa, lakini karibuni kwenu." Mama alilia mpaka akapata kwikwi. Mimi nililia kwa aibu ya vile nilivyomchukia mzee.

Siku ya pili tulimpelekea sahani ya halua. Hakuipokea. Na wiki ile ile aliacha kazi. Watu walikuja na vijaluba vyao, akawaambia pua imechoka. Wakasema uzee. Sheikh alitusimamia kama alivyosema, tukapata karatasi, nikaolewa, tukahama kichochoro. Nilipita kumwona siku za Idi na kila mara nilimkuta pale pale juu ya sanduku lake, mikono mitupu, paka wamemzunguka. Kijaluba kilibaki na bunduki yake. Sanduku lilibaki na mama, amelitandika kitambaa chini ili nambari isichubuke, na juu yake karatasi zetu mpya. Hatukukifunua. Ya nini? Tulikwisha kuambiwa.

Mwaka wa sabini, aliposhika sultani mpya na mambo yakafunguka, jamaa wa Unguja wakaanza kuingia kwa wingi, kila nyumba ina mgeni analala ukumbini, na mie nilikuwa na mtoto mgongoni, nikapata habari kwamba Mthamini anauguzwa kwa mpwa wake, ambaye sikupata kumsikia kabla, na ameniita. Ameniambia nije na sanduku letu.

Nilimkuta kibarazani asubuhi, amekonda. Macho yake yalikuwa meupe, yote mawili. Akanitambua kwa hatua. Akaniuliza mama hajambo, nazi zinapatikana, kisha akatoa mfukoni kioo changu cha wanja. Miaka yote minne alikuwa nacho, na mie nilidhani kilipotea siku ile kwenye vurugu za furaha.

Akaniambia macho yalianza kumwacha zamani, kabla hata hatujawa majirani. Ndiyo maana ya pua, ndiyo maana ya ukucha. Hakumdanganya mtu, maana vitu vyote vile mkono unatosha. "Sijapata kusema nambari nisiyoigusa, ila moja," akasema. Ukucha ulimwambia chini ya sanduku pana kitu, haukumwambia nini. Kioo alikitaja apate muda wa kufikiri. Akamsikia mama anavyopumua, akaitaja ile ya bunduki.

"Tangu siku ile sikuweza kumwambia mtu chake kinastahili nini," akasema. "Nnataka kujua kabla sijaenda. Hebu nitazamie, binti yangu. Zipo?"

Nikalifungua sanduku. Nikatoa karatasi, nikafunua kitambaa cha mama. Mbao ilikuwa na weusi wa mafuta, na juu yake madoa meupe kama chokaa iliyodondoka, kubwa, dogo, dogo. Nilitazama huku, nikatazama huku. Labda palikuwa na mkono wa ile nambari saba. Labda sikuona kitu. Mtoto alifurukuta mgongoni, na Ami amekaa mbele yangu amenielekezea sikio, mzee aliyewaambia matajiri biskuti ni biskuti.

"Zipo zote, Ami," nikasema. "Nne, moja, saba, tisa. Wazi kabisa."

Ami alikuwa anakigeuza kitu kidogo baina ya vidole, anakipapasa ukingo kwa ule ukucha wake, pole pole, mzunguko mzima. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nambari ile ilikuwa kinyume, na kwamba kioo bado kiko mkononi mwake.

Nikangoja aniambie langu. Mzee akacheka, kicheko kidogo cha puani, akanyoosha mkono akakitafuta kichwa changu, akakishika. Akanirudishia kioo. Akalifunika sanduku mwenyewe, kitambaa kwanza, kisha kifuniko, akalipigapiga begani.

"Mwambie mama'ko," akasema, "hili asilioshe."